Bastola Kiunoni: Risasi Iwe Kwenye Chemba au Isiwe? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi Marekani: Wakenya, Watanzania, Wakongomani, Warundi na wengine ambao sheria inawaruhusu kumiliki bastola na wameshaamua kuibeba ikiwa imefichwa chini ya nguo. Sibishani hapa kama uamuzi huo ni mzuri au mbaya. Maswali haya ndiyo wanaoanza kujifunza huniuliza, na ninayajibu kama ninavyoyajibu kwenye uwanja wa kulenga shabaha. Sheria za majimbo hubadilika karibu kila mwaka, kwa hiyo kabla ya kutoka nyumbani na silaha soma sheria ya jimbo lako jinsi ilivyo leo.

Kwa kifupi basi: iwe ndani au isiwe?

Iwe ndani, kama una vitu vitatu kwa pamoja: bastola ya kisasa yenye kizuizi cha ndani cha pini (chuma chembamba kinachoigonga risasi), holsta (ala ya kubebea bastola) ngumu inayofunika triga yote, na mazoezi ya kutosha hata kidole chako kisiguse triga bila kuamriwa. Kimoja kikikosekana, chemba ibaki tupu. Vikikosekana viwili, bastola ikae kwenye sefu na wewe uende zako bila hiyo. Najua jibu hilo la mwisho halimfurahishi mtu aliyelipa pesa zake dukani, lakini ndilo ninaloliamini.

Chemba ni nini hasa? Magazini ikijaa haitoshi?

Magazini ni ghala tu. Risasi iliyomo kwenye magazini haiwezi kufyatuka mpaka ipande kwenye chemba, ile sehemu ya nyuma ya mtutu ambapo risasi moja hukaa ikisubiri kupigwa na pini. Ukivuta slaidi, kile chuma cha juu kinachoteleza, nyuma na kuiachia, risasi ya juu inasukumwa mbele, inaingia chemba, na bastola inakuwa imekokiwa. Kuanzia hapo kinachobaki ni triga.

Ukibeba magazini imejaa na chemba tupu, kati yako na mlio wa kwanza kuna kazi mbili: kuvuta slaidi, kisha kuvuta triga. Risasi ikiwa ndani, kazi ni moja. Utawasikia wakufunzi wa Kimarekani wakisema "hali ya kwanza" na "hali ya tatu". Hesabu hiyo inatokana na mafundisho ya Jeff Cooper, mwanajeshi wa zamani wa kikosi cha Marines aliyefungua chuo cha Gunsite huko Arizona mwaka 1976. Hali ya kwanza ni risasi ndani, nyundo (chuma cha nyuma kinachoipiga pini) imekokiwa, sefti (kifungio cha usalama) imewekwa. Ya tatu ni magazini imejaa, chemba tupu.

Kuvuta slaidi ni nusu sekunde tu. Kwa nini watu wanaling'ang'ania jambo hili?

Ukiwa uwanjani, umesimama wima, mikono yote miwili iko huru na kocha anakuhesabia, ni kweli muda wenyewe ni mdogo. Tatizo ni ule mkono wa pili. Mtu akikuvamia, mkono wako wa kushoto huenda umebeba mtoto, umeshika mlango wa gari, unamsukuma aliyekukaba, au umeshakatwa. Slaidi inataka mikono miwili. Ipo mbinu ya kuikwaruza kwenye mkanda kwa mkono mmoja, na wanaoijua huifanyia mazoezi miaka, lakini mtu wa kawaida akiijaribu kwa mara ya kwanza huku moyo unamwenda mbio ataelekeza mtutu kwenye paja lake mwenyewe.

Halafu kuna umbali. Mwaka 1983 polisi wa Salt Lake City, Dennis Tueller, alieleza jaribio rahisi: mtu mwenye kisu aliye futi 21 kutoka kwako, kama mita sita na nusu, anaweza kukufikia kwa takriban sekunde moja na nusu. Pima chumba chako cha kulia. Watu wengi hawana mita sita na nusu ndani ya nyumba, sembuse kwenye maegesho ya gari.

Na lipo la tatu ambalo halisemwi sana. Mtu aliyeogopa huivuta slaidi nusu, au huisindikiza kwa mkono badala ya kuiachia ijirudie yenyewe kwa nguvu ya springi. Risasi inakwama mdomoni mwa chemba. Sasa ana bastola iliyokwama na mtu aliye mbele yake.

Nimesikia Waisraeli hubeba chemba tupu, na wao ni wataalamu. Mbona wewe unasema vingine?

Ni kweli, mtindo huo umeitwa kwa jina lao. Lakini chanzo chake kinaeleza mengi. Katika miaka ya mwanzo ya taifa lile, wapiganaji walikuwa na bastola za kila aina, mpya kwa kuukuu, nyingine hazina sefti ya kuaminika, na wanafunzi walikuwa wengi kuliko muda wa kuwafundisha. Kanuni moja inayofaa kwa kila bastola ilikuwa chemba tupu, kisha kukoki wakati wa kuchomoa. Kabla yao, polisi wa Shanghai chini ya W. E. Fairbairn walikuwa wakifundishwa hivyo hivyo kwenye bastola zao za Colt, tena sefti zao zilifungwa kabisa zisitumike.

Kwa hiyo ilikuwa dawa ya shida halisi: silaha zisizofanana na mafunzo mafupi. Wewe ukiwa na bastola moja unayoifahamu, iliyotengenezwa miaka ya karibuni, shida ile huna. Lakini kama ulichonacho ni bastola ya zamani ya marehemu babu mkwe, unayo ile ile waliyokuwa nayo, na jibu lao linakufaa.

Niongeze kwamba wanaoufanya mtindo ule vizuri hukoki katika mwendo uleule wa kuchomoa, na wamerudia maelfu ya mara. Anayebeba chemba tupu kwa sababu hataki kufanya mazoezi hajafuata Waisraeli wala Shanghai.

Bastola inaweza kujifyatua yenyewe mfukoni?

Hili ndilo swali linalowanyima watu usingizi, na linastahili jibu la aina kwa aina.

Bastola nyingi za kisasa zina kizuizi ndani ya slaidi kinachoishika pini isiguse fataki ya risasi, kile kiwashio cha kitakoni mwake, mpaka triga ivutwe mpaka mwisho. Glock, ambayo jeshi la Austria liliikubali mwaka 1982, ina vizuizi vitatu: ulimi mdogo ulio katikati ya triga, kizuizi cha pini, na cha kuanguka. Vyote vinafunguka kwa mfuatano triga inapovutwa, na vinajifunga tena inapoachiwa. Ikianguka, isipovutwa triga, haitakiwi kulia.

Za zamani ni habari nyingine. Tokarev TT-33 ya Kirusi haina sefti ya kawaida. Ina kituo cha nusu tu kwenye nyundo, nacho si cha kutegemewa. Hiyo ibebwe chemba tupu, basi. Colt 1911 za zamani hazina kizuizi cha pini. Colt walikiongeza kwenye mfululizo wao wa 80, mwaka 1983. CZ 75, ile inayojulikana Kenya kama Ceska, matoleo yake ya mwanzo hayana kizuizi hicho, ila CZ 75 B inacho. Herufi moja ubavuni mwa bastola, na jibu la swali lako linabadilika. Soma kilichochongwa kwenye chuma kabla ya kusoma maoni ya mtu mtandaoni.

Bastola mpya nayo haina kinga ya makosa ya kiwandani. Agosti 2017 kampuni ya SIG Sauer ilitangaza mpango wa hiari wa kurekebisha bila malipo bastola za P320, baada ya majaribio kuonyesha kwamba zikianguka kwa pembe fulani zingeweza kulia. Mwenye P320 ya kabla ya hapo ahakikishe yake ilirekebishwa, kwa kuuliza kwa namba ya silaha, asikisie. Tabia nzuri ni kutafuta jina la bastola yako pamoja na taarifa za urekebishaji mara moja kila mwaka.

Mume wangu ana Glock. Haina sefti ya kidole. Anaiweka kwenye mkanda wa suruali bila holsta, risasi ndani. Ananiambia niache woga.

Dada, woga wako una akili. Novemba 2008 mchezaji maarufu wa timu ya New York Giants, Plaxico Burress, aliingia klabu ya usiku Manhattan akiwa na Glock kaichomeka kiunoni, bila holsta. Ilianza kuteleza ndani ya mguu wa suruali. Akaidaka kwa juu ya kitambaa, na katika kuidaka akaivuta triga. Risasi ikampita pajani. Kwa kuwa hakuwa na kibali cha New York, mwaka uliofuata alihukumiwa kifungo cha miaka miwili.

Bastola yake haikuwa mbovu. Ilifanya kile kile triga ikivutwa inatakiwa kufanya. Triga ya Glock inavutwa kwa uzito wa kama kilo mbili na nusu, na haiulizi kama kilichoivuta ni kidole, kitambaa au funguo. Aina hii ya bastola imetengenezwa kwa kudhani kwamba triga itafunikwa. Bila holsta, kubeba risasi ndani ni jambo ambalo sitalihalalisha kwa mtu yeyote, hata awe amepiga risasi tangu utoto. Mwambie mumeo holsta nzuri inauzwa kwa bei ya chakula cha jioni cha watu wawili, na mpaka ifike, chemba iwe tupu.

Yangu ina nyundo ya nje, aina ya Beretta 92. Nyundo ikae vipi?

Bastola za namna hii zina triga za aina mbili: ya kwanza ndefu na nzito kwa sababu inakoki nyundo pia, na zinazofuata ni fupi na nyepesi. Zibebwe risasi ndani, nyundo imeshushwa. Mvuto ule mzito wa kwanza ndio ulinzi wako, na kwa anayeanza kubeba na moyo unamdunda, mimi nazipenda kuliko Glock.

Cha kuangalia ni namna ya kuishusha nyundo. Beretta 92 ina kishikizo cha kushushia, kitumie hicho. Baadhi ya CZ hazina, zina sefti tu, na mtu analazimika kuibana nyundo kwa kidole gumba, kuvuta triga huku risasi imo ndani, kisha kuishusha taratibu. Kidole kikiteleza, inalia. Sikushauri uifanye hiyo kila asubuhi sebuleni. Bora uibebe imekokiwa na sefti imewekwa, kama inavyoruhusu, au uchague toleo lenye kishushio.

Na rivolva?

Rivolva haina swali la kukoki slaidi. Chemba zake zote zipo kwenye silinda inayozunguka. Za kisasa zijaze zote. Za kimagharibi za zamani, na nakala zake, hubebwa na risasi tano badala ya sita, nyundo ikiwa juu ya tundu tupu, kwa sababu pini inagusa fataki moja kwa moja. Kampuni ya Ruger ilibadilisha mfumo wake mwaka 1973. Ya kabla ya hapo ambayo haijabadilishwa, tano.

Nimeelewa yote, lakini bado naogopa. Nianzeje?

Anza nyumbani, bila risasi hata moja. Weka risasi zote chumba kingine. Kagua chemba kwa macho na kwa ncha ya kidole kidogo, vuta slaidi uikoki bastola tupu, itie kwenye holsta, holsta kwenye mkanda, kisha endelea na shughuli zako: osha vyombo, inama ufunge viatu vya mtoto, panda ngazi, kaa kwenye gari lililozimwa, lala kwenye kochi.

Jioni itoe uitazame triga. Kwenye Glock na bastola za mfumo wake, triga iliyokokiwa husimama mbele, na ule ulimi wa katikati umechomoza. Ikiwa kitu kimeivuta mchana kutwa, utaikuta imerudi nyuma imelala, na pini imeshapiga hewa. Ukiikuta mbele siku baada ya siku, macho yako yameona kwamba haivutwi na kitu chochote ndani ya holsta ile. Ukiikuta nyuma hata mara moja, tafuta sababu: holsta imelegea, mkanda ni laini, au wewe mwenyewe unaichezea bila kujua. Hilo la mwisho ndilo la kawaida zaidi.

Fanya hivyo mpaka uchoke kuitazama. Ndipo uanze na risasi. Na kama baada ya yote bado moyo unakataa, beba chemba tupu na ufanye mazoezi ya kukoki kwa mtindo huo mpaka uwe mwepesi. Mtu mwenye hofu huigusagusa bastola yake siku nzima kuhakikisha ipo salama, na huko kuigusagusa ndiko kunakomdhuru.

Holsta ipi?

Ngumu, ya plastiki iliyochongwa kwa ajili ya bastola yako hiyo hiyo, siyo "saizi ya kati". Iwe na mdomo unaobaki wazi hata bastola ikitoka, na ifunike triga pande zote mbili kiasi kwamba ukibonyeza kwa nje kwa kidole huisikii triga. Ngozi ni nzuri ikiwa nene na mpya. Ikichakaa, ule mkunjo wa mdomoni huingia ndani na kuwa kidole cha pili. Vifuko vya kitambaa vya bei rahisi, vile vinavyouzwa kwa kila bastola, waachie wenyewe.

Hatari kubwa kabisa ya siku nzima ni sekunde ile unapoirudisha bastola ndani. Hakuna anayekukimbiza wakati huo. Inua shati juu kabisa, angalia kwa macho, hakikisha kamba ya koti la kofia haipo karibu, nyoosha kidole ubavuni, kisha ingiza polepole. Ukihisi inazuiwa, usisukume, toa, angalia. Wanaobeba mbele ya tumbo wana sababu zaidi ya kujihadhari, kwani mtutu unaelekea kwenye mshipa mkubwa wa paja. Wao wavue holsta pamoja na bastola yake, waitie bastola ndani ya holsta mkononi ikiwa imeelekezwa pasipo na mtu, kisha wavae vyote kwa pamoja. Na kila anayebeba silaha awe na mkanda wa kufungia damu, na ajue kuutumia kwa mkono mmoja.

Kila jioni naitoa risasi, asubuhi naiweka tena. Ni tabia nzuri?

Hapana, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu wengi wanadhani wanajilinda.

Kwanza, kila unapoitoa na kuiweka, unaishika bastola yenye risasi. Bastola iliyotulia ndani ya holsta haimpigi mtu. Inapiga inaposhikwa. Ukiipunguzia kushikwa, umepunguza hatari. Vua holsta nzima na bastola yake ndani, itie kwenye sefu hivyo hivyo, asubuhi ivae hivyo hivyo.

Pili, risasi ileile ikipandishwa chembani tena na tena, kichwa chake hugongwa kwenye njia ya chemba na polepole husukumwa ndani ya ganda. Nafasi ya baruti inapungua, na mgandamizo unapanda siku utakapoipiga, wakati mwingine kwa kiwango cha kuharibu bastola mkononi. Chukua risasi mpya ya sanduku lile lile, isimamishe pembeni ya ile uliyoipandisha mara nyingi, linganisha urefu kwa jicho. Iliyofupika usiipige.

Tatu, ni mfuatano wa mikono. Ukitaka kuifanya tupu, magazini hutoka kwanza, ndipo slaidi ivutwe. Anayevuta slaidi kwanza hutoa risasi ya chembani, na hapo hapo nyingine inapanda kutoka kwenye magazini. Kisha anaitoa magazini, anaiona iko mkononi mwake, anaona na risasi iliyoanguka mezani, moyo unamwambia kazi imekwisha. Bastola bado ina risasi. Anavuta triga ili kuisafisha. Bastola nyingi hulia hata magazini ikiwa imetolewa. Kwa hiyo: magazini nje, slaidi nyuma mara tatu, ifunge nyuma, tazama chembani, ingiza kidole. Fanya kwa mfuatano huo huo usiku wa uchovu na mchana wa furaha.

Nabeba kwenye mkoba wa mkononi, risasi ndani. Nina watoto wadogo.

Desemba 2014, mjini Hayden, jimbo la Idaho, mama mmoja kijana alikuwa dukani Walmart, mwanawe wa miaka miwili amekaa kwenye kigari cha bidhaa. Bastola ilikuwa kwenye mkoba uliotengenezwa maalumu kwa kubebea silaha, kwenye mfuko wenye zipu. Alikuwa na kibali. Mtoto aliufikia mkoba, akaitoa. Mama alifariki pale pale.

Kila nikieleza kisa hicho darasani, mtu husema angekuwa na chemba tupu yasingetokea. Ni kweli: mtoto wa miaka miwili hana nguvu ya kuvuta slaidi. Lakini naomba ulione na la kwanza, kwamba silaha haikuwa mwilini mwake. Mkoba unawekwa kwenye kigari, kwenye kiti cha kanisani, chini ya meza ya ubatizo, mgongoni mwa kiti cha mgahawa. Vazi lolote ulivaalo, lipo la kufungia holsta mwilini: mkanda wa tumbo wenye ganda gumu la kufunika triga, holsta ya ndani ya suruali, hata chini ya gauni. Ikiwa huwezi kuibeba mwilini siku hiyo, iache kwenye sefu. Ikiwa ni lazima kabisa iwe mkobani, chemba tupu, na mkoba usitoke begani. Na nyumbani usihesabu juu ya kabati kama maficho. Watoto hupanda.

Nikinywa bia mbili kwenye sherehe?

Acha silaha nyumbani kabla ya kwenda. Chembani au la, haibadilishi kitu.

Kisheria, chemba tupu inanifanya nionekane sijajaza bastola?

Inategemea jimbo, na usikisie. Utah, kwa mfano, sheria yake inaihesabu bastola kuwa imejazwa pale kitendo kimoja tu kinapotosha kufyatua risasi, kwa hiyo magazini iliyojaa na chemba tupu haihesabiki. Majimbo mengine yanasema magazini yenye risasi ikiwa ndani ya bastola, imejazwa, yakaisha.

Kufikia mwaka 2024, majimbo 29 yalikuwa yanaruhusu mtu mzima anayestahili kubeba bila kibali. Texas iliingia Septemba 2021. Na tangu uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani katika kesi ya Bruen, Juni 2022, majimbo kama New York hayawezi tena kukataa kibali eti kwa sababu hujaonyesha haja ya pekee. Lakini hayo hayamaanishi kibali cha Texas kinafanya kazi Illinois au New Jersey. Hakifanyi.

Hili nawaambia hasa madereva wa malori, maana ndugu zetu wengi wako barabarani. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1986 inakulinda ukipita tu jimbo ambalo huruhusiwi kubeba, ikiwa unatoka mahali panaporuhusiwa kwenda mahali panaporuhusiwa, bastola ikiwa tupu, na silaha wala risasi zisifikike kutoka kwenye kiti. Gari lisilo na buti tofauti, viwe ndani ya kisanduku kilichofungwa kwa ufunguo, si droo ya dashibodi. Hapo chemba tupu peke yake haikutoshi; magazini nayo iwe tupu na mbali. Uliza pia mwajiri wako, kwani kampuni nyingi za usafirishaji zinakataza silaha garini na kibali chako hakiwagusi.

Mimi si raia. Nina grinkadi. Inaruhusiwa?

Mkaazi wa kudumu anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kununua na kumiliki, na wakimbizi waliopokelewa rasmi hawazuiwi kwa hadhi yao tu. Aliye na viza ya muda, ya masomo, utalii au kazi, kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika uwanjani, isipokuwa ana leseni halali ya uwindaji au anaingia katika misamaha michache iliyotajwa.

Ukijaza fomu 4473, ile ya kununulia silaha dukani, andika nchi yako ya uraia kama ilivyo. Kujiandika raia wa Marekani ilhali si raia ni jinai, na kunaweza kukufungia mlango wa uraia maisha yako yote. Zaidi ya hayo, sheria ya uhamiaji inaruhusu kumwondoa nchini asiye raia aliyetiwa hatiani kwa kosa la silaha. Kosa ambalo jirani yako Mmarekani atalipa faini na kusahau, wewe linaweza kukurudisha Kinshasa au Mombasa. Kabla ya kubeba silaha kiunoni, zungumza saa moja na mwanasheria wa uhamiaji.

Nimeisahau kwenye begi la kuingia nalo ndani ya ndege.

Mwaka 2023 wakaguzi wa TSA, idara ya usalama wa viwanja vya ndege Marekani, walikamata silaha 6,737 kwenye vituo vya ukaguzi, na karibu asilimia 93 zilikuwa zimejazwa. Chemba tupu haikuokoi hapo: magazini yenye risasi ikiwa ndani ya bastola, kwao imejazwa. Faini mwaka huo iliweza kukaribia dola 15,000, mbali na polisi wa jimbo. Silaha husafirishwa tupu, kwenye kisanduku kigumu kilichofungwa, ndani ya mzigo wa chini, na unaitangaza kaunta. Begi la silaha lisiwe kamwe begi la safari.

Nikirudi nyumbani Kenya au Tanzania kwa likizo, kibali changu kinatumika?

Hakitumiki. Kenya inafuata Sheria ya Silaha, sura ya 114, na cheti hutolewa na Bodi ya Leseni za Silaha. Tanzania ina sheria yake ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015. Iache Marekani, imefungwa.

Polisi akinisimamisha barabarani, nimwambie risasi iko chembani?

Majimbo yanatofautiana. Michigan inakudai umwambie mara moja kwamba unabeba. Ohio tangu 2022 inakudai useme ukiulizwa. Texas, ukiwa na kibali na umebeba, ukidaiwa kitambulisho onyesha na kibali.

Sisi weusi tunalo la ziada. Julai 2016 huko Falcon Heights, Minnesota, Philando Castile alikuwa na kibali, alimwambia polisi kwa adabu kwamba ana silaha, na alipigwa risasi sekunde chache baadaye akiwa amekaa kwenye kiti chake. Polisi yule aliachiwa huru na baraza la mahakama Juni 2017. Kusema kwa adabu hakukumlinda, na sitakudanganya kwamba kuna maneno yanayokulinda kwa hakika. Kinachopunguza hatari ni mikono: zima gari, washa taa ya ndani, mikono yote juu ya usukani kabla hajafika dirishani, na isitoke hapo mpaka aseme. Sema kwanza kwamba una kibali, ndipo useme silaha iko upande gani, na usiende kuchukua pochi bila kumwambia unakoelekea mkono. Weka leseni na kibali kwenye kishikilia cha dashibodi, mbali kabisa na upande wa bastola, kabla hujawasha gari asubuhi.

Ukiambiwa utoe silaha, omba yeye aichukue mwenyewe, mikono yako ikiwa usukanini. Na hapo ndipo umwambie wazi, hata kama hakuuliza, kwamba risasi iko chembani, kwa sababu ataishika bastola asiyoifahamu, mtutu wake karibu na mguu wako.